Waya, Vali na Lehemu: Ufundi wa Mashine za Sauti Tabora na Njia ya Misafara

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikakata Ugogo na Unyanyembe, ikaishia Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, imeandikiwa historia nyingi kwa kufuata kile kilichopita juu yake, yaani pembe za ndovu zilizoteremshwa pwani pamoja na watu waliotiwa utumwani, na nguo, shanga, bunduki na waya vilivyopandishwa bara. Ni nadra kwa historia hiyo kuuliza vitu vilivyopandishwa vilitunzwa na nani baada ya kufika, vilipoharibika vilitengenezwa wapi, na mafundi wa Tabora, mji uliokuwa kitovu cha njia yote, walivirudisha kazini kwa kutumia nini. Swali hilo linaweza kujibiwa vizuri kwa kutazama kundi moja la vitu vilivyofika baadaye, wakati reli ilipokwisha kuchukua nafasi ya mabega ya wapagazi: redio za mbao, redio gramu na amplifaya zilizofanya kazi kwa vali. Ndani ya kasha la mashine ya aina hiyo mna tabaka za waya, lehemu na vipuri, kila tabaka ikieleza kipindi chake cha uchumi wa bara la magharibi, na kwa sababu hiyo anayeifufua mashine hiyo leo anashika ushahidi wa historia sawa na anavyoshika chombo cha muziki.

Vali ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa, ambayo ndani yake kipande cha metali kiitwacho kathodi hupashwa moto mpaka kikaachia elektroni, na kipande kingine kiitwacho anodi, chenye volti nyingi, huzivuta elektroni hizo kupitia ombwe. John Ambrose Fleming alionyesha chombo chenye vipande hivyo viwili nchini Uingereza mwaka 1904, na mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani akaongeza kati yao wavu mwembamba wa waya uitwao gridi. Gridi ndiyo iliyoifanya vali kuwa kikuza sauti, kwa kuwa badiliko dogo sana la umeme juu yake hubadili kwa kiasi kikubwa mkondo unaopita, mfano wa koki inayozuia maji mengi kwa kuguswa kidogo. Mkondo huo hupelekwa kwenye transfoma ya kutolea sauti, ambayo huushusha kutoka volti nyingi hadi kiwango kinachoweza kusukuma spika bila kuiunguza. Kila amplifaya ya vali, iwe ya ukumbi wa dansi au ya sebuleni, imejengwa juu ya kanuni hiyo, na nyingi huhitaji volti kati ya 250 na 400 ndani ya kasha lake, jambo ambalo limekuwa chanzo cha sauti yake nzuri na cha hatari yake pia.

Waya wenyewe ulikuwa umefika Unyanyembe muda mrefu kabla ya umeme. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walipokwisha kuweka makazi Tabora, katika miaka ya mwanzo ya 1850, na Richard Burton na John Speke walipofika hapo mwezi Novemba 1857, waya wa shaba nyeupe na nyekundu, ulioitwa masango, ulikuwa mmoja kati ya fedha tatu za njia, pamoja na nguo na shanga. Ulibebwa katika mizingo mizito, ukakatwa vipande vya kulipia chakula na hongo, yaani ushuru wa kupita, kisha mafundi wa bara wakaufua na kuuvuta upya kuwa vitindi vya mikononi na pete nyembamba za miguuni. Kazi hiyo ilisimama juu ya uhunzi uliokuwa mkongwe zaidi: majembe ya chuma yaliyofuliwa Usumbwa na maeneo jirani yaliuzwa mbali, yalikubaliwa kama mahari, na yalibebwa na Wanyamwezi wenyewe katika misafara yao ya kwenda pwani. Inafaa kusisitiza jambo hili, kwa kuwa maandishi ya wasafiri wa Ulaya humwonyesha Mnyamwezi kama bega la kubebea tu, na kuuacha kando mkono wake uliokuwa ukiyeyusha, ukivuta na kuunga metali.

Utawala wa Wajerumani ulijengwa Tabora kwa vita, na upinzani wa Isike, mtemi wa Unyanyembe, ulikwisha Januari 1893 alipoilipua ghala ya baruti ndani ya boma lake kuliko kukamatwa. Nguzo za telegrafu, yaani simu ya maandishi, zikafuata uelekeo wa misafara, kisha reli ya kati iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Reli ilileta karakana, na karakana ikaleta aina mpya ya fundi, aliyezoea kupima, kuchonga kwa lathi na kulehemu. Uwezo wa mahali hapo ulidhihirika mwaka 1916, wakati koloni lilipokuwa limezingirwa na fedha kuadimika: katika karakana ya reli karibu na Tabora zilipigwa sarafu za shaba zenye alama ya herufi T, nyingine zikitokana na maganda ya risasi yaliyokwisha kutumika, pamoja na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, ambayo dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji. Sarafu zile leo husakwa na wakusanyaji wa dunia nzima, lakini kwa historia ya Tabora maana yake kubwa ni kwamba mji uliotengwa na bahari kwa takriban kilomita 840 za reli ulikwisha kujifunza kutengeneza kitu kinachohitajika kutokana na mabaki ya kitu kilichokwisha.

Muziki wa mashine ulitanguliwa na muziki wa pumzi. Ngoma ya beni, iliyoigiza bendi za kijeshi kwa ngoma kubwa na tarumbeta, ilitoka mwambao ikapanda bara kwa njia ileile ya misafara na reli, na vyama vyake viwili vikubwa, Marini na Arinoti, vilikuwa na wafuasi Tabora tangu kipindi cha Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya hapo ikaja gramafoni ya kukamia kwa mkono, ambayo haikuhitaji umeme, na kuanzia miaka ya 1930 santuri za muziki wa Kuba zilizouzwa Afrika zikaandaa masikio ya watu kwa rumba itakayotoka Kongo. Vita ya Pili ilipokwisha, askari wa Tanganyika waliopigana Burma walirudi makwao, na baadhi yao walikuwa wamefanya kazi katika vikosi vya mawasiliano, ambamo redio ya vali ilikuwa chombo cha kila siku.

Utangazaji wa Tanganyika ulianza kwa majaribio Dar es Salaam mwaka 1951, ukawa shirika kamili, Tanganyika Broadcasting Corporation, mwaka 1956, na mwaka 1965 ukageuzwa kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyojulikana kwa ufupi kama RTD. Tatizo la bara lilikuwa umeme. Kampuni ya DARESCO, iliyoanzishwa mwaka 1931, ilihudumia Dar es Salaam pamoja na baadhi ya miji ya reli, Tabora ikiwemo, lakini nyaya zake ziliishia mitaa ya mjini, na nje ya mitaa hiyo redio iliendeshwa kwa betri. Vali za betri zilitengenezwa ili kathodi zake zipate moto kwa volti 1.4 tu, lakini anodi zilidai volti 90, kwa hiyo msikilizaji alilazimika kununua betri kubwa ya kadibodi iliyounganisha aina zote mbili. Wapo waliotumia betri ya gari pamoja na kitetemeshi, yaani kifaa kinachokata na kuunga mkondo kwa haraka ili transfoma iweze kuupandisha. Nchi jirani ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ilijaribu mwaka 1949 kuwauzia wananchi redio ya vali ya bei ya pauni 5 iliyowekwa ndani ya kasha lenye umbo la sufuria la alumini. Hata bei hiyo, iliyosifiwa kuwa nafuu, ilikuwa mzigo kwa mtu wa kipato cha kawaida, na gharama ya betri ilirudi kila mara. Ndiyo maana redio moja ilisikilizwa na nyumba nyingi, na ilipozima, hasara iliwagusa watu wengi kwa pamoja, na aliyeweza kuiwasha tena akapata heshima ambayo leo ni vigumu kuikisia.

Kilele cha mashine za vali Tabora kinaambatana na kilele cha dansi. Mji ulikuwa na Kiko Kids Jazz ya Salum Zahoro, ambaye mandolini yake iliupa muziki huo sauti isiyofanana na ya bendi za pwani, kisha zikavuma Tabora Jazz, ambamo Shem Karenga wa Kigoma alipata jina, na Nyanyembe Jazz, iliyotoa wimbo wa Rangi ya Chungwa. Ukiifuata reli kurudi mashariki, Morogoro ilikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na ukiifuata kwenda magharibi unafika kwenye bendi za Kigoma na redio za Kongo na Burundi zilizosikika kwa masafa mafupi. Ramani ya dansi, kwa maneno mengine, ilikuwa ramani ya misafara. Gitaa la umeme halina sauti ya kutosha ukumbi bila amplifaya, na kwa kawaida vyombo vyote vilikuwa mali ya klabu au ya mwenye bendi, si ya mpigaji. Amplifaya ikiungua kabla ya onyesho, klabu nzima hukosa kiingilio cha mlangoni. Fundi, kwa hiyo, alikuwa sehemu ya bendi ingawa jina lake halikutangazwa redioni wala kuandikwa kwenye santuri, ambazo nyingi zilichapwa Nairobi.

Majumbani mwa wafanyabiashara, maofisa wa reli na wamisionari kulikuwa na redio gramu, kabati la mbao lililounganisha redio, kinanda cha santuri na amplifaya. Santuri za stirio, yaani zenye njia mbili za sauti katika mfuo mmoja, zilianza kuuzwa duniani mwaka 1958, na watengenezaji wakazijibu kwa amplifaya zenye vali mbili au nne za kutolea sauti, mara nyingi EL84, ambayo jozi yake moja hutoa kati ya wati 10 na 15. Utangazaji wa RTD ulikuwa wa njia moja, hivyo mtu wa Tabora aliyetaka kusikia upande wa kushoto na wa kulia ukitengana alitegemea santuri peke yake. Lakini kufikia wakati huo transista, iliyobuniwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1947, ilikuwa tayari inaishusha vali. Redio ndogo za transista ziliendeshwa kwa betri kavu za kawaida, na katika miaka ya 1960 zikaanza kuunganishwa nchini, Philips wakiwa Arusha na Matsushita wa Japani wakiwa Dar es Salaam. Vali zilibaki mahali ambapo nguvu nyingi ilihitajika au ambapo mwenye nyumba hakuwa na sababu ya kuitupa samani nzuri.

Kipindi kilichofuata ndicho kilichoacha alama nyingi zaidi ndani ya makasha. Baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979 fedha za kigeni ziliadimika, bidhaa za nje zikawa za kibali, na mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, iliyofanya hata kuweka akiba ya vipuri dukani kuwa jambo la kuogopwa. Kampuni za Ulaya na Marekani nazo zilikuwa zinafunga viwanda vya vali. Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa vali ya kunyoosha mkondo, ambayo hugeuza umeme wa kwenda na kurudi kuwa wa uelekeo mmoja: ilipokufa na mbadala wake haupo, mafundi walilehemu diodi mbili za silikoni, mara nyingi BY127, chini ya soketi tupu. Mashine iliwaka. Hata hivyo diodi haipotezi volti nyingi kama vali, na hutoa umeme papo hapo kabla kathodi za vali nyingine hazijapata moto, kwa hiyo volti za ndani hupanda kupita kiwango kilichokusudiwa. Fundi mzuri aliongeza kinza, yaani kipuri kinachozuia mkondo, ili kuirudisha volti chini, na kinza hicho kidogo ndicho kinachomtenganisha na yule aliyebahatisha. Ni kosa kuziita kazi hizo ubabaishaji bila kuzipima, kwa maana nyingi zimedumu kuliko vipuri vya kiwandani vilivyozizunguka.

Kuifufua mashine kama hiyo leo huanza kwa kutoiwasha. Kapasita za elektroliti, ambazo huhifadhi chaji na kuzima mvumo wa umeme, hukauka zikikaa miaka mingi, na za karatasi na nta hunyonya unyevu wa masika ya Tabora, yanayoendelea kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha huanza kuvujisha. Kapasita inayounganisha hatua moja na nyingine ikivuja, volti chanya hufika kwenye gridi ya vali ya kutolea sauti, anodi yake huwa nyekundu kwa joto, na transfoma, ambayo ndiyo kipuri kigumu kuliko vyote kupatikana, huungua. Panya hutafuna waya, mchwa huingia kwenye mbao, na vumbi la kiangazi hujikusanya juu ya soketi likichanganyika na mafuta ya moshi. Waya uliovikwa mpira ndio mbaya zaidi: karibu na vali zenye joto mpira hukakamaa, na ukiupinda kidogo tu hupukutika na kuiacha shaba wazi, ikiwa na volti 300 sentimita moja kutoka kwenye chasisi, yaani bamba la chuma linalobeba vipuri vyote.

Waya mpya hutandikwa kwa hatua. Fundi hutoa kwanza chaji iliyobaki kwenye kapasita kupitia kinza, akipima kwa mita mpaka isome sifuri. Waya wa kupashia kathodi moto, wenye mkondo wa kwenda na kurudi, husokotwa jozi na kulazwa kwenye pembe ya chasisi ili usipitishe mvumo kwenye gridi. Waya wa gridi hufanywa mfupi. Na waya za ardhi za njia mbili za stirio hukutanishwa mahali pamoja, kwa kuwa zikifungwa ovyo huzunguka na kuleta mngurumo usiotoka kwa kubadilisha kipuri chochote. Kamba ya nyuzi mbili ya zamani hutolewa, huwekwa ya nyuzi tatu, na waya wa ardhi hufungwa kwa bolti kwenye chasisi. Kuwasha kwa mara ya kwanza hufanywa kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 au 100 iliyounganishwa kwa mfuatano, ambayo ikiwaka kwa nguvu bila kufifia huonyesha kwamba kuna shoti. Mwisho hupimwa mkondo wa kila vali: kinza cha kathodi cha omu 270 kikionyesha volti 9.7, vali inapitisha takriban miliampia 36, na kwa volti 300 hiyo ni karibu wati 10.8, chini ya kikomo cha wati 12 ambacho EL84 imewekewa kwa anodi yake. Vali mbili za upande mmoja zikipishana sana, hubadilishwa, na kwa bahati aina hiyo bado inatengenezwa Urusi, Slovakia na China.

Ugumu wa kweli wa kazi hii ni wa mwanahistoria. Kila waya unaokatwa ni tarehe inayofutwa. Kamba yenye rangi nyekundu, nyeusi na kijani ni ya mtindo wa Uingereza wa kabla ya miaka ya 1970, wakati rangi hizo zilipobadilishwa kuwa kahawia, buluu na kijani chenye mstari wa njano. Vali iliyoandikwa kwa rangi hafifu herufi B karibu na kioo cha chini, ikiwa ya Mullard, ilitoka kiwanda cha Blackburn, na tarakimu inayofuata huonyesha mwaka. Diodi chini ya soketi huelekeza kwenye miaka ya uhaba. Waya wa simu uliotumika kuziba pengo huuliza ulitoka kwenye ofisi gani, na transfoma iliyozungushwa upya kwa mkono, tabaka zake zikitengwa kwa karatasi ya daftari, inathibitisha kwamba alikuwepo mtu mjini aliyejua idadi ya mizunguko. Mambo hayo hayamo katika nyaraka za serikali wala katika vitabu vya historia ya muziki wa dansi, ambavyo huwataja waimbaji na wapiga magitaa na kuwaacha waliowasha vyombo vyao.

Kwa hiyo utaratibu unaostahili kushikwa na fundi wa leo, awe Tabora, Kigoma au Dar es Salaam, ni kuupiga picha upande wa chini wa chasisi kabla ya kugusa kitu, kuchora mchoro wa nyaya kama zilivyo pamoja na marekebisho ya waliotangulia, kuvifunga vipuri vilivyotolewa kwenye bahasha yenye namba ya mahali vilipokaa, na kuiacha bahasha hiyo ndani ya kasha pamoja na vipimo vya volti vilivyopatikana siku ya kuwasha. Michoro ya viwandani hupatikana kwa mashine nyingi za Philips na za Uingereza, lakini mchoro wa kiwandani huonyesha tu mashine ilivyotoka Ulaya. Ule wa pili, unaoonyesha ilivyokuwa baada ya kuishi Tabora, unaweza kuchorwa mara moja pekee, kabla waya wa kwanza haujakatwa.